Ali Mazrui: kutoka ukarani Mombasa hadi dokumentari iliyomkera mkubwa wa Washington (uzi mrefu)

Mkaa Kilindini

Wakuu, salaam. Kila tukifungua mjadala wa dokumentari za Afrika humu ndani, majina yanayotajwa ni yale yale ya wageni wenye kofia za jua na sauti nzito. Leo tumjadili mtu wetu, Profesa Ali Al'amin Mazrui, aliyezaliwa Mombasa Februari 1933, akaandika vitabu zaidi ya 30, na mwaka 1986 akasimama mbele ya kamera akalisimulia bara zima kwa vipindi 9 vya saa moja moja, mfululizo ulioitwa The Africans: A Triple Heritage.

Hoja yangu naiweka mapema ili wa kubisha waanze kujipanga. Watu husema Mazrui alikuwa mwandishi wa vitabu aliyepewa nafasi kwenye televisheni. Mimi nasema alikuwa msemaji tangu ujana wake. Vitabu vyake vingi ni hotuba zilizokaa kwenye karatasi, na televisheni ilimpa mimbari pana zaidi tu. Ukimsoma hivyo, utaona utamu wake unatoka wapi, na mapungufu yake yanatoka wapi.

Naanza na nyumbani kwao. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na juu ya hapo alikuwa mtu wa magazeti. Mapema miaka ya 30 alitoa Sahifa, kisha Al-Islah, akiwaandikia watu wa pwani kwa Kiswahili na Kiarabu kuhusu elimu, dini na kubaki kwao nyuma. Kwa hiyo mtoto alikulia kwenye nyumba ambayo mzee anaandika kwa ajili ya watu wa kawaida, na anawakaripia pia. Sheikh alitaka mwanawe aende Al-Azhar, Cairo. Akafariki 1947, kijana akiwa na miaka 14, na Cairo ikaishia hapo.

Mtihani wa Cambridge ukamtoa na daraja la tatu. Makerere wakamkataa. Akaajiriwa ukarani pale Mombasa Institute of Muslim Education, MIOME, ambayo leo ni Technical University of Mombasa.

Kilichomtoa pale ni mdomo wake. Mwanzoni mwa miaka ya 50 alisimama kuhutubia kwenye shughuli ya Maulidi, na miongoni mwa waliokaa mbele ni Gavana Philip Mitchell. Gavana akavutiwa, akamwita wazungumze, na mazungumzo yale yakazaa ufadhili wa kwenda Uingereza. Kwanza Huddersfield kumalizia sekondari, kisha Manchester, shahada 1960. Mwaka uliofuata akapata ya pili Columbia, New York. Udaktari akauchukua Oxford, 1966.

Naendelea baadaye, simu inazima.

Msomi wa Stendi

Mkuu umeanza vizuri, ila usiruke Makerere. Hapo ndipo utamu ulipo.

Mtu wa Kyela

Huyu si ndiye aliyemchambua Nyerere na Nkrumah wakati wenzake wanawaimbia mapambio? Babu yangu alikuwa hataki hata kusikia jina lake.

Mkaa Kilindini

Nimerudi. Msomi, siruki.

Alianza kufundisha Makerere 1963, na kufikia 1965 akiwa na miaka 32 alikuwa profesa na mkuu wa idara ya sayansi ya siasa. Chuo kilichomkataa kwa daraja la tatu ndicho kikampa kiti cha mbele. Mwaka 1967 pekee alitoa vitabu 3, kimojawapo, Towards a Pax Africana, kikitokana na tasnifu yake ya Oxford. Wazo kuu la kitabu hicho ni kwamba amani ya Afrika ilindwe na Waafrika wenyewe, wasingoje askari wa mkoloni wa jana. Leo tunaona Umoja wa Afrika (AU) ukihangaika na jambo hilo hilo.

Ila waliokuwepo Kampala miaka ile huwa wanataja kwanza mihadhara yake, vitabu baadaye. Ukumbi ulikuwa unajaa hadi madirishani. Na kulikuwa na jarida la Transition, lililoanzishwa hapo hapo Kampala na Rajat Neogy, ambalo lilimpa uwanja wa kuchokoza. Mwaka 1966, Nkrumah akiwa amepinduliwa juzi tu, Mazrui akaandika humo makala ya kumwita mfalme wa Kirusi aliyevaa koti la Lenin, na hapo nafupisha. Wafuasi wa Nkrumah hawakumsamehe. Mwaka uliofuata ikaja zamu ya Tanzania: aliwacheka wasomi wa Magharibi waliokuwa wamelewa mapenzi ya Tanzania ya Mwalimu. Mtu wa Kyela, hapo ndipo babu yako alipoudhika. Ukiisoma makala yenyewe, Mazrui alimheshimu sana Nyerere. Waliochapwa ni wageni waliokuwa wanaona Ujamaa kwa jicho la mtalii.

Wakati huo huo Dar kulikuwa na Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana. Mwanzoni mwa miaka ya 70 wawili hao walikutana Makerere kwa mdahalo ambao wazee wa Mlimani na wa Kampala bado wanabishana nani alishinda. Rodney alikuwa na Umarx wake umenyooka kama rula. Mazrui hakuwa na itikadi ya kukabidhiwa, alikuwa mliberali mwenye kupenda mikinzano, na kwa vijana wa enzi ile hilo lilionekana kama usaliti. Mimi naona Rodney alikuwa na hoja nzito zaidi kuhusu uchumi. Kwenye utamaduni na dini, Mazrui aliona vitu ambavyo Rodney hakuvipa nafasi kabisa.

Jirani wa Kawangware

Na Idi Amin je? Nasikia alitaka kumfanya mshauri wake.

Mkaa Kilindini

Amin alimtaka karibu, hilo Mazrui mwenyewe alilieleza mara nyingi. Lakini angalia hali ilivyokuwa. Mwaka 1972 makamu mkuu wa Makerere, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na hakuonekana tena. Profesa mwenye ulimi kama wake angedumu muda gani? Mwaka 1973 akaondoka. Kupitia Stanford akaenda University of Michigan, akakaa huko hadi mwisho wa miaka ya 80, halafu Binghamton, jimbo la New York, alikoanzisha taasisi yake ya utafiti wa tamaduni za dunia.

Kwa hiyo mtu ambaye baadaye angetengeneza mfululizo wa "Afrika ikijisimulia" aliuandaa akiwa ameshaishi Marekani zaidi ya miaka 10. Wapinzani wake waliling'ang'ania jambo hilo, na si bila sababu.

Mwaka 1979 BBC ikampa mihadhara ya Reith. Kwa wasioijua, ni mihadhara ya redio ya kila mwaka, ilianza 1948 na Bertrand Russell, na kualikwa pale ni heshima kubwa kwa mtu wa fikra. Mazrui alitoa mihadhara 6 kuhusu hali ya Afrika, kila mmoja umejengwa juu ya kinyume cha mambo. Afrika ndiyo makao ya kwanza ya binadamu, lakini ndiyo ya mwisho kufanywa mahali panapokalika vizuri. Iko katikati ya ramani ya dunia, lakini kisiasa imesukumwa pembeni. Kwa sikio la redio, mtindo huu unafanya kazi ajabu. Msikilizaji anaendesha gari, anasikia sentensi moja yenye pande mbili, haisahau. Kwenye mhadhara wa mwisho akasema Afrika nayo itafute silaha za nyuklia, kwa sababu wakubwa hawatafikiria kuziacha mpaka wanyonge nao wawe nazo. Watu walishika vichwa. Mimi sikubaliani naye, ila nakiri hakuna aliyelala wakati anasema.

Mihadhara ile ndiyo mbegu ya dokumentari. Hata majina ya baadhi ya vipindi vya 1986 ni yale yale ya mihadhara ya 1979.

fundi_kamera

Hapo sasa umeingia kwenye uwanja wangu. Mimi ni mhariri wa video, na mfululizo ule nimeuangalia kwa jicho la kazi. Kitu cha kwanza: picha ni nzuri, bajeti inaonekana, wamezunguka nchi nyingi. BBC walishirikiana na WETA, kituo cha televisheni ya umma cha Washington, na televisheni ya taifa ya Nigeria nayo ilikuwemo. Siyo kazi ya mtu na kamera moja.

Kitu cha pili: picha zinafuata maneno. Ukizima sauti, vipindi vingi havieleweki. Ukifunga macho ukasikiliza tu, unapata karibu kila kitu. Kwa sisi tuliofundishwa kwamba picha ndiyo isimulie, ile ni redio yenye mandhari. Kwa hiyo mwenye uzi, hoja yako ya mimbari naiunga mkono, ila mimi naiona kama kasoro.

Mkaa Kilindini

fundi, nakubali nusu. Ni kweli maneno ndiyo yanaongoza. Lakini linganisha na wenzake. Basil Davidson, Mwingereza aliyeipenda Afrika kwa dhati na kuitetea, alikuwa ametoa vipindi vyake 8 mwaka 1984. Kazi safi. Lakini Davidson anakuonyesha Afrika akiwa mgeni mwenye adabu. Mazrui anapotamka "sisi", anajitia ndani ya hadithi, pamoja na lawama. Kitabu kilichoambatana na mfululizo kinaanza na wazo kwamba mababu wa Afrika wamekasirika, na laana yao ndiyo hii tunayoiona: tunataka miji bila viwanda, tunapenda matumizi ya Mzungu bila mbinu zake za uzalishaji. Hayo angeyasema mgeni, tungemtukana. Yeye aliyasema kama mtu wa ukoo anayeongea kwenye kikao.

Na msingi wa mfululizo mzima ndio ule urithi wa aina tatu: mila zetu za asili, Uislamu, na Ukristo pamoja na Umagharibi. Wazo lenyewe hakulibuni. Edward Blyden, mwanafikra wa Liberia, alikuwa ameligusa tangu karne ya 19, na Nkrumah akaliweka kwenye falsafa yake miaka ya 60. Ndiyo, Nkrumah yule yule ambaye Mazrui alimchapa 1966. Alichofanya Mazrui ni kulitoa vitabuni na kuliweka sebuleni kwa watu.

Kibaraza cha Pwani

Kwa mtu wa Mombasa wazo hilo halihitaji hata profesa. Tembea kutoka Fort Jesus hadi Makadara, utasikia adhana, utapita kanisa, na ukikaa kwenye baraza utasikia mtu anaulizia mganga wa Kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Alichokiona akiwa mtoto ndicho alichokieneza bara zima.

Msomi wa Stendi

Haya, tuambie ya Lynne Cheney. Ndiyo niliyoingojea tangu ukurasa wa kwanza.

Mkaa Kilindini

Hapa ndipo panapostahili muda.

Sehemu ya fedha za upande wa Marekani ilitoka kwenye mfuko wa serikali unaosaidia taaluma za sanaa na utu, NEH, zaidi ya dola 600,000. Mwaka huo huo wa 1986 mfuko ulipata mwenyekiti mpya, Lynne Cheney, mke wa Dick Cheney ambaye baadaye alikuwa makamu wa rais. Alipoangalia vipindi kabla havijaonyeshwa Oktoba, akawaka. Kwake, kazi ile ilikuwa ya kuushambulia tu Umagharibi, kila tatizo la Afrika likitupwa mlangoni kwa Mzungu, na Gaddafi akionyeshwa bila kulaaniwa. Kumbukeni Aprili ya mwaka ule Marekani ilikuwa imetoka kuipiga Libya mabomu. Akaagiza jina la mfuko liondolewe kwenye orodha ya wafadhili inayopita mwishoni, na fedha za kuutangaza mfululizo akazizuia.

Lalamiko lake rasmi lilikuwa la kimkataba: maombi ya ruzuku yaliahidi mitazamo tofauti, filamu ikaja na mtazamo wa mtu mmoja. Na hapa, wakuu, naomba tuwe wakweli. Kwa maana ya karatasi, hakukosea kila kitu. Mfululizo ule ni maelezo binafsi ya Mazrui na haujifichi. Lakini jiulize, Wamarekani na Waingereza wangapi walishapewa fedha za umma wakasimulia ustaarabu wao wenyewe kwa mtazamo wa mtu mmoja, na hakuna aliyewadai mitazamo tofauti? Kipimo kilibadilika siku Mwafrika alipotazama kamera akasema hivi ndivyo ninavyoiona dunia.

Vipindi vilirushwa hata hivyo. Na kelele zile zilimpa watazamaji ambao tangazo la kulipia lisingewaleta.

fundi_kamera

Naongeza la kiutendaji kwa vijana wanaosaka ruzuku. Ukiandika andiko la kuomba fedha, andika filamu utakayoitengeneza kweli. Ukiahidi mahojiano na pande zote ili kamati ifurahi, halafu ukaleta masimulizi ya mtu mmoja, umempa mfadhili fimbo. Sisemi Mazrui ndiye aliyeandika lile andiko, mambo hayo huandikwa na kituo. Lakini sura iliyopigwa picha magazetini ilikuwa ya kwake.

Bint Ngamiani

Jamani na mimi nichangie. Mbona hamumgusi Soyinka? Upinzani mkali zaidi ulitoka hapa hapa Afrika, msijifanye hamuoni.

Mkaa Kilindini

Dada umenishika pabaya, nilikuwa naelekea huko.

Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria, aliukosoa mfululizo kwa ukali, na mwanzoni mwa miaka ya 90 wakachapana kurasa nyingi ndani ya Transition, jarida lililokuwa limefufuliwa Marekani. Hoja ya Soyinka ikipunguzwa: Uislamu umepewa heshima ya mgeni wa karamu, dini za asili zimeachwa kama masimulizi ya kale. Na kuna kutajana asili, kwamba Mazrui ni Mwarabu anayejisingizia Uafrika.

Kwenye hoja ya kwanza, Soyinka alikuwa na haki kwa kiasi chake. Vipindi vinautazama Uislamu kwa ukaribu na upole ambao Ifa ya Wayoruba haikuupata. Mtoto wa Kadhi hakuweza kujificha. Ile ya asili ndiyo iliyonikera, kwa sababu sisi watu wa pwani tumeisikia mno. Ukoo wa Mazrui ulitoka Oman, ukaitawala Mombasa hadi Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alipoung'oa 1837. Mwaka 1895 Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gazi alichukua silaha dhidi ya Waingereza pamoja na watu wa pwani ile ile. Baada ya zaidi ya karne mbili za kuoana, kuzikana na kugombana hapa, nani anashika cheti cha Uafrika wa mwenzake?

Bint Ngamiani

Sawa kaka, lakini usisahau mashamba ya ukoo huo yalilimwa na watumwa. Hilo nalo liko Gazi na Takaungu mpaka leo, ukoo wa waliolimishwa unajulikana. Dokumentari yake ilikuwa kali sana juu ya utumwa wa Atlantiki kuliko huu wa kwetu.

Mkaa Kilindini

Hapo sina cha kubisha, dada. Ni pengo halisi, na ni la mtu anayesimulia akiwa ndani ya nyumba.

Na liligongana naye uso kwa uso 1999. Henry Louis Gates, profesa Mmarekani mweusi wa Harvard, alitoa dokumentari yake ya Afrika kupitia PBS, televisheni ya umma ya Marekani, na kipindi kimoja kizima kilikuwa cha pwani ya Waswahili. Gates alipita Lamu na Zanzibar akiwauliza watu kwa nini wanajiita wa asili ya Waarabu na Waajemi wakati anaona sura kama yake. Mazrui akaandika ukosoaji ambao ulisambaa kwenye intaneti kwa kasi isiyo ya kawaida kwa miaka ile. Alimlaumu Gates kwa kuwakejeli wenyeji wake mbele ya kamera, na kwa kuibebesha Afrika mzigo wa utumwa huku Mzungu akipumzika. Gates naye alikuwa anauliza swali hilo hilo la Bint Ngamiani, ila kwa namna ya mtu aliyeshuka kwenye ndege asubuhi.

Nikiziangalia kazi hizi mbili pamoja, Gates ni mtengeneza televisheni bora. Anatembea, anacheka, anakosea njia, unamfuata. Mazrui anahutubia. Lakini ya Mazrui ina wazo moja linaloshika vipindi vyote 9, ya Gates ni safari.

Mtu wa Kyela

Baada ya 1986 alitengeneza nyingine?

Mkaa Kilindini

Ya ukubwa ule, hapana. Alirudi kwenye kalamu na ukumbi. Alihariri juzuu ya 8 ya historia ya Afrika ya UNESCO, ile ya kuanzia 1935, iliyotoka 1993. Na mpwa wake Alamin Mazrui, huyu wa tamthilia ya Kilio cha Haki mliyoisoma shuleni, wakaandika pamoja vitabu kuhusu Kiswahili na siasa za lugha Afrika. Kila mwaka alikuwa anatuma barua ndefu ya habari zake kwa marafiki na wanafunzi, kurasa kwa kurasa: safari, magonjwa, ugomvi wa mwaka. Kwangu hiyo barua ya mwaka ni maandishi yake matamu kuliko vitabu vingi, maana haina vinyume vya kupangwa.

Nyumbani alikumbukwa kwa kuchelewa. Mwaka 2003 Kibaki alipoacha desturi ya rais kuwa mkuu wa vyuo vyote vya umma, Mazrui akateuliwa mkuu wa chuo cha Jomo Kenyatta, JKUAT. Alifariki Marekani Oktoba 2014, akarudishwa Mombasa, akazikwa makaburini kwa ukoo wao karibu na Fort Jesus. Ndirangu Wachanga, Mkenya anayefundisha Marekani, ametengeneza dokumentari juu yake.

Jirani wa Kawangware

Mimi sijasoma hata ukurasa mmoja wa huyu mzee. Nianzie wapi? Usinipe orodha ya vitabu 30, nina kazi.

Mkaa Kilindini

Usianze na kitabu. Tafuta ile mihadhara 6 ya 1979, mmoja hauzidi nusu saa, sikiliza kwenye matatu. Halafu angalia kipindi cha kwanza na cha nne cha mfululizo, hicho cha nne ndicho cha unyonyaji, na ukimaliza utaelewa Washington walikasirikia nini. Ukivutiwa, soma kitabu cha mfululizo. Ukichukia, soma jibu la Soyinka, nalo ni tamu.

fundi_kamera

Na ukiangalia, usizime sauti.